UZI: Mtoto wa mbwa anapoingia kwenye uwanja wenye mbwa mzee (wafugaji wa Tabora na Kigoma)

Mfugaji wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maelekezo mengi yanayozunguka kuhusu jambo hili yameandikwa kwa mbwa anayelala sebuleni. Wa kwetu ni mlinzi. Mchana yuko bandani au kwenye mnyororo, saa 4 usiku anafunguliwa, na kigeni chochote kinachotembea uani baada ya hapo anajua ni kazi yake. Kwa hiyo usiku wa kwanza ndio wa hatari kuliko yote: mtoto analetwa jioni, anashushwa getini, mwenye nyumba anasema watazoeana wenyewe, anaenda kulala. Mleteni asubuhi.

Umri uwe wiki 8 kwenda mbele. Kabla ya hapo mama na ndugu zake bado wanamfundisha kuuma kwa kiasi. Akitolewa wiki ya 5 anakuja na meno kama sindano na hajui yanauma, atamng'ang'ania mzee masikioni na mkiani, na mzee atajibu.

Banda la mtoto lijengwe kabla hajafika. Mita 1.5 kwa 2 inatosha mpaka miezi 4, kimo mita 1. Mabanzi na wavu wa kuku vinafaa, ila wavu upigiliwe upande wa ndani, la sivyo mtoto akiusukuma unabanduka. Chini ufukiwe sentimita 20, maana atakayechimba ni yule mkubwa aliye nje. Nafasi kati ya banzi na banzi isizidi sentimita 4. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri, lakini msimu wa maembe hamisheni: kokwa likimezwa linaziba utumbo.

Siku 14 za kwanza hawagusani. Waanze kujuana kwa harufu: mpanguse mtoto kwa kitambaa, kiweke mita chache kutoka anapokula mkubwa. Akinusa akaendelea na chakula chake, mambo ni mazuri. Akikaza mwili na kukikodolea macho, kisogeze mbali, rudia kesho.

Kukutana uso kwa uso ni siku ya 15, saa 12 na nusu asubuhi kabla ya jua kali, nje ya geti. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba ya mita 2 hadi 3. Tembeeni njia moja, upande mmoja, mkiachana mita 10, mkubwa akitangulia. Punguzeni umbali taratibu ndani ya dakika 10 mpaka mita 3. Kisha mruhusu mkubwa amnuse mtoto kwa nyuma, hesabu moja mbili tatu, mwite, mpe dagaa mmoja. Rudieni mara nne au tano, basi kwa siku hiyo. Kamba isivutwe hata kidogo. Ikikazwa inamnyanyua mbwa kifua, anasimama kama anayetaka ugomvi hata kama hakuutaka, na mwenzake anausoma mwili huo hivyo hivyo.

Wenye ujuzi waongeze na wakosoe.

Mvuvi wa Kibirizi

Asante mkuu. Swali: dume wa miaka 7, uwanja ni mdogo, mita 8 kwa 10 hivi, na mchana lazima awe kwenye mnyororo kwa sababu ya wateja wanaoingia. Banda la mtoto likae wapi? Na hiyo hatua ya nje ya geti, huku ufukweni mbwa wa mitaani wanashinda kwenye mabaki ya samaki. Ni salama kumpitisha mtoto hapo?

Tiba ya Mifugo

Mkuu wa Kibirizi, ufukweni usimpeleke. Swali lako linagusa sehemu ambayo mwanzisha uzi ameipita haraka, naomba niiongezee.

Siku 14 alizotaja si za tabia tu, ni za maradhi. Mtoto aliyetoka kwa mtu mwingine anaweza kuwa na pavo au distempa (maradhi mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa) na bado anacheza. Pavo hujionyesha kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, distempa inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Dalili za pavo: anaacha kula, anatapika, anaharisha uharo wenye damu na harufu kali isiyosahaulika. Huyo ni wa daktari saa hiyo hiyo, kinachomuua haraka ni kupungukiwa maji.

Chanjo ya mchanganyiko, ile yenye pavo na distempa pamoja, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wanachoma moja wanaacha. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyopewa na maziwa ya mama inaizima chanjo, na hakuna anayejua kwa macho siku kinga hiyo itakapoisha kwa mtoto fulani. Kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi 3. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na halmashauri nyingi huchanja karibu na siku hiyo, lakini usimsubirishe mtoto miezi sita kwa ajili yake. Muulize afisa mifugo wa kata.

Mkubwa naye achanjwe kabla ya mtoto kufika. Mbwa mzee aliyechanjwa anaweza asiugue, lakini miguu yake inaleta uani kilichoko mtaani.

Sasa kitambaa cha harufu. Mwanzisha uzi, hapo narekebisha. Kitambaa kilichompangusa mtoto mgonjwa ni mgonjwa pia. Kitoke kwa mtoto kwenda kwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa tu, kisirudi, na kikishatumika kichemshwe au kichomwe moto. Kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mtoto, hapana kabisa.

Anayehudumia wote wawili aanze na mtoto, amalizie na mkubwa, na awe na ndala za kubaki mlangoni pa banda la mtoto. Kama mtoto tayari anaonyesha dalili, geuza: mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo mwaka mzima, hata zaidi penye kivuli, na dawa nyingi za kudekia hazikiui. Kinachokiua ni klorini ya kufulia. Zile za asilimia 3.5 hivi, kipimo 1 kwa maji vipimo 20, iache dakika 10 kwenye sakafu iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni. Ukiimwaga juu ya kinyesi au udongo mtupu inakufa yenyewe kabla ya kuua kitu.

Na mahali pa kukutania: ua wa jirani asiye na mbwa, uliofagiwa, ambao haujawa na mbwa aliyeugua ndani ya mwaka. Si dampo, si sokoni, si ufukweni, si njia wanayopita mbwa wote wa mtaa. Mkikosa ua kama huo, mtoto abebwe mpaka hapo na miguu yake iguse chini kwenye turubai safi. Msimfungie mpaka wiki 16 kwa hofu, lakini. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo ubongo wake unaamua kipi cha kawaida na kipi cha kuogopwa maisha yote. Asikie pikipiki, aone watoto, aone baiskeli yenye mkaa, akiwa mikononi.

Mzee wa Mnadani

Mnawasumbua hao mbwa. Waacheni wapigane mara moja, mkubwa ajulikane, amani itakuja yenyewe. Mbwa wa kienyeji hawahitaji kamba wala kuhesabiwa moja mbili tatu.

Mfugaji wa Isevya

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hilo linaweza kwenda sawa kwa mbwa wawili wakubwa wenye uzito unaolingana, na hata hapo ni bahati. Mbwa wa kilo 28 na mtoto wa kilo 3 hawapigani. Ni mmoja anauma, na fuvu la mtoto wa wiki 8 halistahimili taya hizo hata kama mkubwa alikuwa anaonya tu.

Kingine ni kwamba mzee akishaona njia pekee ya kumwondoa mtoto ni kumuuma, ataanza na kuuma kila mara. Ndiyo maana nasisitiza jambo ambalo wengi wetu tunalikosea: mkubwa akinguruma, usimpige wala usimkaripie. Kunguruma ni kusema. Ukimpiga kwa kunguruma hujaondoa hasira, umeondoa onyo. Siku nyingine atanyamaza, atauma, na watu watasema ameuma bila sababu.

Mjifunze kutofautisha. Adabu ya kawaida ni hii: ananguruma, anageuza kichwa, anafunua meno, anauma hewa, au anamlaza mtoto chini kwa mdomo bila kumjeruhi. Yote yanaisha ndani ya sekunde moja au mbili, mtoto akitulia naye anaacha. Hapo usiingilie, ni mafundisho ambayo wewe huwezi kumpa. Ya hatari hayana kelele nyingi. Mwili unakuwa mgumu kama gogo, mdomo unafungwa, macho hayapepesi, mkia umesimama na ncha yake inatetemeka kidogo kidogo. Mkia unaotikisika si furaha kila wakati. Wa furaha unatikisika pamoja na kiuno. Ukiona ugumu huo, usipige kelele. Ita jina lake kwa sauti ya kawaida, ondokeni kwa kutembea, mkitengeneza nafasi. Na mtoto akilia huku mkubwa anaendelea, au akimfuata mpaka chini ya kitu alikojificha, au akimtikisa, mtenganishwe siku hiyo na mrudi kwenye hatua ya kutenganishwa na wavu wa banda kwa wiki nzima.

Msimamizi asimkumbatie mtoto mikononi akimwinamishia mkubwa amnuse. Mtoto aliyebebwa hawezi kukimbia wala kujilaza, na mkubwa atarukia juu kifuani mwako. Kumbeba ni kwa safari tu.

Mvuvi wa Kibirizi

Nimeelewa. Bado suala la mnyororo.

Fundi Mabanda Urambo

Mkuu, la mnyororo ni rahisi kulipima. Mshike mbwa wako afike mwisho wa mnyororo, zungukeni, mwaga majivu nyuma yake. Duara likishaonekana, ongeza mita 1 nje yake. Banda la mtoto na njia yake ya kwenda haja vikae nje ya mstari huo wa pili. Mnyororo wa mita 2 unatengeneza duara la mita 4 na ushee, kwenye uwanja wa mita 8 kwa 10 unabaki na kona mbili nzuri.

Wasikutanishwe kamwe mmoja akiwa amefungwa. Aliyefungwa hawezi kuondoka, na mbwa asiyeweza kuondoka anabakiwa na njia moja. Halafu mtoto akizunguka mara mbili mnyororo unamkaba shingo au mguu.

Kama nafasi inaruhusu, afadhali waya: tandika waya mnene kati ya nguzo mbili, kimo kisichogusa kichwa cha mtu, pitisha pete, kamba ishuke kwenye pete. Weka fundo mita 1 kabla ya kila nguzo asijizungushe. Mbwa anayetembea mita 6 mchana ana hasira ndogo kuliko anayesimama sehemu moja, na hilo utaliona kwa mtoto kuliko kwa mtu yeyote.

Mabanzi ya mninga yanadumu, lakini kwaruza kwa randa upande wa ndani, vibanzi vinawaingia mdomoni. Na tafadhali, wa Urambo na Kaliua: msiwatandikie magunia yaliyobebea tumbaku. Mtoto hutafuna kila anacholalia, na nikotini ni sumu kwake.

Bi Mwanga

Nyumba nyingi huku Ujiji na Mwanga mbwa haingii ndani, na anayemhudumia hataki mate yake kwenye nguo za swala. Msione kama ni kikwazo. Store ya nje au kona ya kibaraza yenye nusu mlango inatosha kwa zile siku 14. Tenga kanzu au dera la kazi, vyombo vya mbwa vioshwe kwa bomba la nje, na kijiko cha kuchotea chakula kibaki huko huko.

Mimi nataka kusema juu ya chakula, maana ndiko ugomvi unakoanzia. Si kwenye sahani mliyoipanga. Ni makombo yanayotupwa mlangoni mwa jiko: ukoko wa ugali, maji ya kuoshea dagaa, mfupa baada ya pilau. Mzee ameshazoea kuwa yale ni yake kwa miaka. Mtoto anakimbilia, ajali inatokea ndani ya sekunde. Kwa miezi mitatu ya kwanza kisitupwe chochote uani. Wekeni ndoo yenye mfuniko, na watoto wa nyumba na dada wa kazi waambiwe wote, maana wao ndio wanaomwaga.

Sahani mbili, sehemu mbili zisizoonana. Mkubwa anakula kwanza akiwa amefungiwa bandani, mtoto baadaye. Mtoto ale mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, baada ya hapo mara 2. Dakika 15 zikiisha sahani iondolewe hata kama chakula kimebaki, chakula kilichoachwa kinalindwa. Maji ni tofauti: mabeseni mawili, kila kona moja, yawepo muda wote.

Dagaa waliotiwa chumvi wachemshwe, maji yamwagwe, wachemshwe tena. Wapepetwe mchanga kwanza. Mawese kijiko kidogo tu, yakizidi mtoto anaharisha na mtadhani ni pavo. Kitunguu kisiwepo, hata kwenye mchuzi uliobaki. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama miiba, wasipewe wote wawili.

Tiba ya Mifugo

Dada ameyasema vizuri. Naongeza la dawa ya minyoo, kwa sababu mtoto huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa. Wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mkubwa kila miezi 3, na apewe siku moja na mtoto. Mpimeni kwa mzani: simama naye, kisha simama bila yeye, toa. Vidonge vingi vya mbwa vimeandikwa kimoja kwa kilo 10, maana yake mtoto wa kilo 2.5 ni robo. Kukadiria kwa macho kunazidisha.

Jingine: mzee akiwa mkali ghafla kwa mtoto, usiseme ni wivu kabla hujamkagua. Mpapase kiuno na nyonga, aone kama anashtuka. Angalia masikio, meno, macho. Mbwa asiyeona vizuri au asiyesikia anashtukizwa na mtoto anayemrukia akiwa usingizini. Mfungeni mtoto kengele ndogo shingoni.

Na huku kwetu penye miombo na mbung'o, kuanzia Sikonge, Urambo, Kaliua mpaka upande wa Kigoma, mbwa anapata nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Anapungua, ana homa inayokuja na kuondoka, uso unavimba, jicho linapata ukungu wa bluu. Mbwa huyo hana subira na mtoto yeyote. Aendewe na daktari achukuliwe damu. Usimchome dawa ya ng'ombe mwenyewe: mpaka kati ya dozi na sumu kwa mbwa ni mwembamba mno. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, mtoto wa wiki 8 asipakwe. Kupe mtoeni kwa koleo ndogo, kamata karibu na ngozi, vuta moja kwa moja.

Matandiko yaliyolowa mkojo yabadilishwe kila siku na yakauke juani. Kuna inzi anayetaga hapo, funza wake wanaingia chini ya ngozi, mtoto anatoka vinundu vyenye tundu katikati.

Shamba la Sikonge

Dume na jike, au jinsia moja?

Mfugaji wa Isevya

Tofauti ni rahisi zaidi kuishi. Majike wawili wasiohasiwa ndio wagumu kupatana, na ugomvi wao hukawia, unaanza yule mdogo akikomaa. Ila ukichukua jinsia tofauti panga kuhasi, jike anaweza kupata joto (kutaka dume) kuanzia miezi 6, na joto linachukua wiki 3 hivi. Kumtenga na dume kwa mbao nyembamba hakutoshi.

Usichukue watoto wawili kwa pamoja ukidhani watachezeana wamwache mzee. Wanamvamia kwa zamu.

Na jueni mtego wa miezi 4 hadi 5. Mpaka hapo mzee anamvumilia mengi kwa sababu ni mtoto. Uvumilivu unaisha, mtoto hajui, na watu wanashangaa kwa nini waliopatana miezi miwili wanagombana. Rudisheni usimamizi wa karibu kwa wiki kadhaa, punguzeni michezo ya kuvutana kamba.

Mzee wa Mnadani

Marahaba kijana. Na wakishikana kweli kweli?

Tiba ya Mifugo

Mzee, mkono usipite katikati ya vichwa. Ndoo ya maji iwepo uani wiki zote za mwanzo, mwagia usoni mwa mkubwa. Isipotosha, shika miguu ya nyuma ya mkubwa, mnyanyue kama toroli, rudi kinyumenyume kwa kuzunguka asigeuke kukuuma. Usimvute mtoto akiwa bado mdomoni, utamchana. Tundu la jino linaonekana dogo nje na ndani limechanika, kwa hiyo kila jeraha la mtoto lionwe na daktari.

Ukiumwa wewe: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako. Mbwa aliyeuma asiuawe, afungiwe siku 10 aangaliwe.

Mvuvi wa Kibirizi

La mwisho kwangu. Ni lini mtoto anaachwa uani usiku na mkubwa?

Mfugaji wa Isevya

Si kabla ya miezi 6, na masharti yawe yametimia: chanjo zote mpaka ya kichaa, wiki 4 mfululizo mchana bila ugomvi, na mkubwa anaweza kulala mtoto akipita mita 1 bila kunyanyua kichwa. Anza saa 11 alfajiri mpaka kunapambazuka, ukiwa macho. Wiki nzima hivyo. Kisha saa 12 jioni mpaka saa 4. Usiku mzima uje mwisho, na banda la mtoto libaki wazi lenye mlango mdogo ambao mkubwa hapiti, ili awe na pa kukimbilia geti likigongwa.